MZIGO UPIMWE PIA KWA UMBALI

Oktoba 5, mwaka 2005, kampuni ya Level 3 ya Marekani ilikata kiungo chake na kampuni ya Cogent. Kwa siku mbili hivi, wateja wa pande hizo wasiokuwa na njia nyingine ya kupitia hawakuweza kufikiana. Hoja ya Level 3 ilikuwa kwamba Cogent ilipeleka data nyingi kuliko ilizopokea, kwa hiyo kubadilishana bure hakukuwa haki.

Novemba 2010 mambo yaligeuka. Level 3 ilipochukua kazi ya kusafirisha filamu za Netflix, kampuni ya Comcast iliidai malipo kwa hoja ile ile. Safari hii Level 3 ndiyo iliyolia kwamba inaonewa. Kicheko ni vigumu kukizuia. Hata hivyo jibu lake lilikuwa na ukweli.

Kuhesabu wingi wa data peke yake ni kupima mzigo bila kuuliza umebebwa kutoka wapi hadi wapi. Desturi ya mitandao ni kila mmoja kuutua mzigo kwenye makutano yaliyo karibu naye, na mwenzake akaubeba safari yote iliyosalia. Apelekaye filamu kwa desturi hiyo humtwisha jirani kazi ya kuvuka bara zima. Lakini akizibeba mwenyewe hadi kwenye mji wa mteja, jirani hubakiwa na hatua chache, ingawa wingi wa data ni ule ule. Ndiyo maana mwaka 2011 Level 3 ilipendekeza biti zizidishwe kwa maili zilizosafirishwa, na kila upande ubebe sehemu iliyo sawa.

Tunaiafiki hesabu hiyo, mradi isisahaulike kwamba filamu haijipeleki yenyewe. Imeitwa na mteja ambaye amekwisha kulipa ada yake.

Sisi wa Afrika tunalijua jambo hili. Mwaka 2002 chama cha watoa huduma za intaneti barani, AfrISPA, kililalamika kwamba mitandao yetu ililipia njia yote ya kwenda na kurudi Ulaya na Marekani, hata kwa data zilizoitwa na watu wa huko.

Leo makampuni makubwa ya simu ya Ulaya yanataka wapelekaji data watozwe. Wasimamizi wa mawasiliano, huko na hapa kwetu, wayadai kwanza takwimu za umbali.