Nyutro Haibani Mafuta

Mwandishi aliyewashauri wenye magari ya Vitz na Note za CVT waweke nyutro kila wateremkapo mlima Kitonga ili wabane mafuta amekosea, tena kwa hatari. Ukiachia pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye D, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta mpaka mwendo ushuke sana. Ukiweka nyutro, injini inaendelea kunywa ili isizimike. Akiba iko wapi? Mzigo wote unaangukia breki, na ule mlima hauna mzaha.

CVT ni giaboksi yenye mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Ukitaka kubana mafuta, kanyaga taratibu, nayo yenyewe itapunguza mizunguko ya injini. Kwenye mteremko mkali weka B, S au L, kadiri gari lako lilivyo nayo, na nyutro usiiguse.