Kambi za JKT ziwafae wanavijiji

Kila kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) iliyoko kijijini inapaswa kuwa shamba darasa kwa wakulima wanaoizunguka, na jambo hilo liwekewe mpango na bajeti badala ya kuachwa kwa hiari ya mkuu wa kambi.

Jeshi hili lilianzishwa mwaka 1963 kwa kazi hiyohiyo ya kujenga taifa, na uwezo linao. Ukuta lilioujenga kuzunguka machimbo ya tanzanite ya Mirerani, wenye urefu wa kilometa 24.5, ulisimama ndani ya miezi michache tu. Huko Chita, katika Bonde la Kilombero, kambi inalima mpunga kwa umwagiliaji. Matrekta yapo, mafundi wapo, wataalamu wa kilimo wapo. Jirani yao anayelima kwa jembe la mkono huku akisubiri mvua anayaona hayo yote kwa mbali. Hali hii haikubaliki.

Vijana wanaopitia JKT nao hawajatendewa haki. Wengi humaliza mafunzo ya kujitolea wakitarajia ajira katika vyombo vya ulinzi, ambako nafasi haziwatoshi. Hurudi nyumbani na stadi za kilimo, ufugaji na ujenzi, lakini bila ardhi wala mtaji.

Hata linapowafaa wanavijiji kwa uwezo wake wa ujenzi, jeshi lisiwanyang’anye mafundi wa vijijini zabuni ndogo za madarasa na zahanati wanazozimudu.

Wenye dhamana watenge ardhi na mikopo kwa wahitimu wa JKT, wafungue milango ya kambi kwa maofisa ugani na wakulima, na watangaze ratiba kabla ya msimu ujao wa kupanda.