Kutu Si Tarehe

Wako mabingwa wa barazani ambao, waonyeshwapo upanga mkuukuu uliotoka katika nyumba ya Kihaya, hutazama kutu, husoma herufi za Kiarabu, kisha hukata shauri kwamba chuma kizuri hakikujulikana Bukoba kabla ya Waarabu. Shauri hilo halina mguu wa kusimamia. Wafanyabiashara wa pwani walifika magharibi ya ziwa katika miaka ya 1840. Tanuri za chuma za Katuruka na Kemondo zina umri wa yapata miaka 2,000. Herufi nazo huweza kuchorwa baadaye, na panga nyingi za Kiomani zilitiwa ubapa uliofuliwa Ulaya.

Lakini makaa ya Katuruka hayampi mtu ruhusa ya kudai kuwa kisu cha babu yake ni cha enzi hizo. Makaa hutoa umri wa tanuri, si wa kisu. Wala hili si jambo la mzaha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu kuwa masalio vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Basi atajaye mwaka ovyo ama huutupa urithi katika chuma chakavu, ama huuza uongo kwa bei ya urithi. Ubapa, mpini na ala, kila kimoja na kihojiwe peke yake.