Takwimu za Vita za Wasovieti: Zilihesabiwa Mlango Gani?

Kila inapokaribia tarehe 9 Mei, siku ya kuadhimisha ushindi wa mwaka 1945 dhidi ya Ufashisti wa Kijerumani, hufufuka ubishi ule ule. Wapo wanaozitaja takwimu za zana za vita za Umoja wa Kisovieti kana kwamba ni maandiko yaliyoshuka. Wapo pia wanaozikejeli zote kwa jumla, kwa hoja kwamba dola ya Stalin isingeweza kutoa hesabu ya kweli hata ya kuku wa bandani. Makundi haya mawili yana uvivu wa aina moja, kwani hakuna hata moja lililojisumbua kuuliza namba hizo zilihesabiwa na nani, wapi, na kwa ajili ya nani.

Aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu atakumbuka kwamba wanazuoni wa hadithi hawatosheki na maneno mazuri. Hudai sanadi: nani kapokea kwa nani, na je, mpokezi alikuwa mwaminifu? Namba ya kiwandani nayo ina sanadi yake, na haina budi kudaiwa.

Tuanze na hotuba ya Stalin ya tarehe 9 Februari, 1946. Humo alitangaza kwamba katika miaka mitatu ya mwisho ya vita viwanda vya nchi yake viliunda, kwa wastani wa mwaka, zaidi ya vifaru 30,000. Ndivyo inavyokaririwa, na vijitabu vingi vilivyochapwa Moscow na kuenezwa duniani, vingine kwa Kiswahili chetu hiki, viliitukuza kazi hiyo. Lakini hotuba haikusema vifaru peke yake. Ilisema vifaru, mizinga ya kujiendesha yenyewe na magari ya deraya, vyote katika kapu moja. Hesabu zilizochapishwa baadaye zinaonyesha kwamba vifaru pamoja na mizinga ya kujiendesha vilikuwa kama 24,400 mwaka 1942, kama 24,100 mwaka 1943 na kama 29,000 mwaka 1944. Hata mwaka ule wa 1944, vifaru hasa vilikuwa kama 17,000 tu; vilivyobaki vilikuwa mizinga ya kujiendesha. Na katika vile vya mwaka 1942, zaidi ya 9,000 vilikuwa vifaru vyepesi vya T-60 na T-70, ambavyo askari waliopangiwa kuviendesha hawakuvionea fahari. Je, Stalin alisema uongo? La hasha. Alijumlisha, na msikilizaji akaachwa ajidanganye mwenyewe.

Ndege vivyo hivyo. Mwaka 1944 zilitoka zaidi ya 40,000, na za kupigana zilikuwa kama 33,000. Baki ni za mafunzo, uchukuzi na kazi nyinginezo.

Sasa, je, hata hizo 24,000 za mwaka 1942 tuziamini? Sisi tunaziamini kwa sehemu kubwa, na sababu si mapenzi. Ndani ya kila kiwanda cha zana alikaa ofisa wa jeshi ambaye kazi yake ilikuwa kukagua na kupokea. Mkurugenzi wa kiwanda alitaka kutimiza mpango, maana kutoutimiza kulimhatarishia cheo, pengine na shingo. Ofisa yule naye alijibu kwa wenzake walio mstari wa mbele, nao hawakuweza kupigana kwa kifaru cha karatasi. Kiwanda kinachotengeneza viatu kinaweza kuandika jozi ambazo hazipo, na mlaji akose pa kulalamika; lakini kifaru kina namba ya chuma mgongoni, kinapakiwa juu ya behewa, na kuna kamanda anayekisubiri. Ndiyo maana uongo wa viwanda vya zana haukuelemea sana katika idadi. Ulielemea katika ubora.

Hapo ndipo kilipofichika kidonda. Mwisho wa mwezi kazi ilifanywa kwa mkupuo, usiku na mchana, ili hesabu itimie, na kilichotoka katika mkupuo kilifanana na mkupuo. T-34 moja iliyopelekwa Marekani mwaka 1942 na kujaribiwa Aberdeen ilikwenda kilomita 343, kisha injini ikafa kwa vumbi lililopenya kwenye chujio bovu la hewa. Katika kiangazi cha mwaka 1943, kabla ya mapigano ya Kursk, ilibainika kwamba ndege za Yak zilikuwa zikibambuka ngozi ya mabawa. Daftarini kila moja ilikuwa ndege kamili. Mwaka 1946 Shakhurin, aliyekuwa kamisaa wa viwanda vya ndege, na Novikov, mkuu wa jeshi la anga, walifungwa kwa shitaka la kutoa na kupokea ndege mbovu. Kesi yenyewe ilipikwa kwa sababu za kisiasa, na baada ya Stalin kufariki walisafishwa. Lakini kasoro za ndege hazikupikwa.

Wale wa kundi la kejeli nao wasifurahi mapema. Mtu aliyezidharau takwimu za Wasovieti kuliko wote alikuwa Hitler. Tarehe 4 Juni, 1942, alipokutana na Mannerheim nchini Finland, mazungumzo yao yakanaswa kwa siri, na anasikika akikiri kwamba kama angeambiwa mapema kuwa nchi moja inaweza kuwa na vifaru 35,000, angemwona msemaji ni mwenda wazimu. Wakati huo viwanda vilivyohamishwa kutoka magharibi kwa treni, zaidi ya 1,500 kwa hesabu rasmi, vilikuwa vimekwisha kuwaka moto kule Urali na kwingineko, vikiendeshwa kwa sehemu kubwa na wanawake na vijana.

Katika misaada ya nje ndipo tunapowalaumu Wasovieti waziwazi. Voznesensky, mkuu wa mipango, aliandika mwaka 1947 kwamba bidhaa za Washirika zilikuwa sawa na asilimia 4 hivi ya uzalishaji wa viwanda vya ndani. Asilimia hiyo imefanya kazi kubwa ya propaganda. Unapimaje kwa asilimia moja malori na jipu zaidi ya 400,000, idadi inayozidi magari yote yaliyoundwa nchini humo miaka ile? Vichwa vya treni vilivyoletwa ni kama 1,900, wakati viwanda vya ndani vilikuwa karibu vimeacha kabisa kuviunda kwa kuwa vilihamishiwa kwenye vifaru. Kifaru kilihesabiwa kuwa cha nyumbani. Reli iliyokifikisha vitani ikategemea kichwa cha kigeni. Asilimia 4 haikuwa na safu ya kuandikia jambo hilo. (Voznesensky mwenyewe aliondolewa mwaka 1949, ofisi yake ikituhumiwa, pamoja na mengine, kushusha makadirio ya mpango. Mwaka 1950 akapigwa risasi.)

Wamarekani na Waingereza nao wana milango yao ya kuhesabia. Wao hupenda kutaja kilichopakiwa. Msafara wa meli uitwao PQ 17, Julai 1942, ulipoteza meli 24, na chini ya bahari vikaenda vifaru 430, ndege 210 na magari zaidi ya 3,000. Vyote vilikwisha kuhesabiwa kuwa vimetumwa, na hakuna askari wa Kisovieti aliyevigusa.

Lakini pengo kubwa kuliko yote haliko katika zana. Dola iliyoweza kusema ni vifaru vingapi vilitoka kila mwezi ilitangaza mwaka 1946 kwamba raia wake waliopotea vitani ni kama milioni 7. Mwaka 1961 Khrushchev akataja milioni 20. Mwaka 1990 Gorbachev akasema karibu milioni 27. Kifaru kilikuwa na ofisa wa kukipokea mlangoni na kutia sahihi. Wafu hawakuwa naye, na wakuu wa sensa ya mwaka 1937, iliyotoa idadi ya watu isiyompendeza Stalin, walikuwa wamekamatwa na baadhi yao kuuawa kabla vita havijaanza. Baada ya ushindi, sensa ya kwanza haikufanyika hadi Januari 1959.