Ile glasi ya maji ya chumvi ibaki

Najua test ziko mlangoni na nilitakiwa niwe nasoma, lakini kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Acha nilitoe hapa.

Wengi mnajua tuko wanne wa mwaka wa pili tunaojitolea kwenye klabu ya sayansi ya shule moja ya msingi kule Mbagala. Jumamosi ijayo tuna watoto 48 wa darasa la sita, makundi sita, saa moja na nusu. Kazi yao ni kuchunguza jinsi chumvi inavyoyeyusha barafu. Maabara hakuna, ila barafu hazitupi shida hata kidogo. Mbagala kila mtaa hukosi geti lenye kipande cha boksi kimeandikwa "barafu zinauzwa". Tunamwomba mama mwenye friji atugandishie za maji matupu, mifuko ya saizi moja, tunaweka kwenye deli, safari. Tuombe tu umeme usikatike usiku wa Ijumaa!

Mpango wenyewe uko hivi. Kila kundi linapata vikombe vitatu vinavyofanana, kila kimoja na barafu ya saizi moja, vyote kivulini. Cha kwanza kinaachwa hivyo hivyo, cha pili kinapata kijiko cha chumvi, cha tatu kijiko cha mchanga. Mchanga wa nini? Kwa sababu lazima atokee mtoto mjanja aseme labda kitu chochote ukikimwaga juu ya barafu kitaiyeyusha. Safi sana, basi tupime. Kila baada ya dakika tano wanamimina maji yaliyotoka, wanayapima kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe jamani) na kuandika. Ila kabla ya yote kila mmoja anaandika anachobashiri. Na hakuna kushika barafu yenye chumvi kwa mkono, maana inaunguza ngozi kwa baridi.

Vitabu vingi vikifika hapa vinaanza na theluji kwenye barabara za Ulaya. Mtoto wa Mbagala theluji ataijulia wapi? Yeye anajua barafu ya ukwaju, anajua muuza samaki anayebeba mzigo wake kutoka Feri asubuhi. Mimi ningeanza na huyo: akimwaga chumvi kwenye barafu zake, samaki watafaidika au wataharibika?

Hapo kuna utamu wake. Barafu yenye chumvi inayeyuka haraka, lakini kikombe chake kinakuwa cha baridi zaidi. Kwenye nyuzi joto 0, chembe za maji zinazoachia kutoka kwenye barafu na zinazorudi kuganda ziko sawasawa. Chumvi ikiingia kwenye ule utandu wa maji juu ya barafu, zinazorudi zinapungua, kwa hiyo kuyeyuka kunashinda. Na kila gramu ya barafu inayoyeyuka inadai joto la jouli 334. Joto hilo linanyang'anywa kwenye mchanganyiko wenyewe, ndiyo maana unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Waliotengeneza aiskrimu kwa mkono kabla ya friji walitumia ujanja huo huo. Kwa hiyo samaki watapoa zaidi, ila barafu itaisha mapema.

Mpaka hapo wote wanne tunakubaliana. Ugomvi uko kwenye glasi mbili za mwisho. Moja ina maji ya bomba, nyingine maji yaliyokorogwa chumvi nyingi, yote ya joto moja. Unatumbukiza barafu kila glasi. Ipi itaisha kwanza? Watoto watasema ya chumvi, si ndiyo wametoka kuona sasa hivi? Wapi! Ya maji ya bomba inaisha kwanza.

Wenzangu wawili wanataka tuitoe. Wanasema watoto watachanganyikiwa, muda ni mdogo, na mwalimu wa shule akiwepo ataona tunajipinga wenyewe. Si hoja za kubeza. Saa moja na nusu kwa watoto 48 si mchezo.

Lakini nawauliza, tumemsahau Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yakiwa ya moto yameganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa, na kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa zima likapata jina la kumtania. Akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dkt. Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu hapa Dar. Osborne hakucheka. Alirudi akampa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba kweli ya moto yametangulia kuganda, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo kwenye jarida la fizikia, na mpaka leo wanasayansi bado wanabishana juu yake.

Yule fundi ndiye ninayemwogopa, maana ndiye tunayemtengeneza tukiondoa kila kitu kinachopingana na jibu la kitabuni. Mtoto anajifunza kwamba matokeo yakigoma, kosa ni lake.

Na glasi ile haijipingi na chochote. Kwenye maji ya bomba, maji ya baridi yanayotoka kwenye barafu yanazama na ya vuguvugu yanakuja kuchukua nafasi. Kwenye maji ya chumvi, ambayo ni mazito, yale ya baridi yanaelea na kuizunguka barafu kama blanketi. Ukigandisha barafu yenye tone la rangi ya chakula, mtoto anayaona kwa macho yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tupunguze mzunguko mmoja wa kupima vikombe, tupate dakika ishirini za glasi. Tusitoe jibu. Tuwape barafu za rangi, tunyamaze, tuwasikilize wabishane. Muda ukiisha bila jibu, waende nalo nyumbani, chumvi ipo kila jiko.

Kikao chetu ni Alhamisi jioni. Wenye hoja ya kunibadilisha mawazo mnajua ninapokaa. Kwa leo naishia hapa, narudi kwenye test.