Meza ya Karani: Mzee Huyu Si Mzembe



Leo nina kosa la kuungama gazetini, ingawa kwa Padre nimekwisha kuliungama. Katika daftari la zaka la jumuiya moja hapa kwetu Kirua Vunjo, mbele ya jina la mzee mmoja, niliandika kwa wino mwekundu neno "mzembe". Miezi minne alikuwa hajalipa, wala Misa haji. Yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze habari zake, ila jina nisilitaje.

Mzee huyu alifiwa na mkewe mwaka juzi. Wakati wa Noeli watoto wake walipanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, nyumba ikajaa, mbuzi akachinjwa. Januari wakashuka wote. Tangu hapo kila apitaye aliona kihamba kimebadilika. Kahawa haikupogolewa, migomba ilining'inia majani makavu, na ng'ombe alilia zizini kwa njaa. Tukasema mengi. Huyu alisema ni uvivu, yule kwamba amerogwa, na mmoja, mtu wa sala sana, alisema imani imempungua. Hapana aliyesema kwamba ni mgonjwa.

Dada yake alipokuja kumtazama alimwuliza, "Kaka, usiku walala?" Akajibu kwamba huamka saa tisa ya usiku akakaa macho mpaka jogoo awike. Chakula hakina ladha. Mgongo na kichwa vyamwuma. Hata wajukuu wakipiga simu haoni furaha, na ajiona mzigo tu. Dada akamshika mkono, wakaenda zahanati.

Madaktari wauita ugonjwa huu sonona. Kulia msiba si ugonjwa. Lakini huzuni, au kutopendezwa na lolote, ikimshika mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikamharibia usingizi, chakula na kazi, basi apelekwe kwa daktari. Wanaume wengine huificha kwa hasira na mbege. Akina mama waliojifungua karibuni nao hupatwa, na sisi huwakemea kwamba hawampendi mtoto!

Tazameni Nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alilala chini ya mti akamwomba Mungu amwondolee uhai. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Malaika yule hakuwa na daftari la zaka.

Zahanati huanza kwa kumpima, maana upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo waweza kufanana na sonona. Ikibidi ataandikiwa kwenda hospitali ya Kilema, au mjini Moshi, Mawenzi na KCMC. Akipewa dawa, ajue kwamba huchukua wiki mbili hata nne, pengine zaidi, kabla ya kuonyesha nguvu. Wengi huzitupa wiki ya kwanza. Asiziache bila neno la daktari, hata akijisikia amepona.

Maongezi nayo ni tiba. Huko Zimbabwe, tangu 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu, na wengi walipata nafuu kubwa. Mabenchi na akina bibi hata hapa tunao.

Neno moja zito. Mwulizeni mgonjwa waziwazi, "Je, wawaza kufa?" Kumwuliza hakumtii wazo hilo moyoni. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa za kupulizia kahawa zifungiwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Mzee wetu sasa ana miezi miwili ya dawa. Jumamosi nilimkuta akikata majani ya ng'ombe, polepole. Aliniuliza deni lake la zaka ni kiasi gani. Nikamwambia tutahesabu kahawa ikivunwa, nikaketi naye mpaka jioni.