Kadi Isiishe na Mahafali

Kila mwaka vyuo hutoa wahitimu, na kila mwaka twawapongeza. Majoho huvaliwa, wazee hupiga picha na watoto wao, viongozi hutoa nasaha. Jambo moja halitajwi katika hotuba hizo: muda mfupi baadaye wengi wa vijana hao huwa hawana tena bima ya afya.

Tuchukue mfano wa kijana wa Wete au Makunduchi aliyekwenda kusoma Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro. Kwa miaka mingi kiwango walichowekewa wanafunzi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kwa kadi hiyo kijana alitibiwa. Alipomaliza masomo na kutaka kuendelea kwa fedha zake, alikuta hesabu nyingine. Vifurushi vya hiari vilivyotangazwa na Mfuko huo Novemba 2019, yaani Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, vilianzia shilingi 192,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja wa umri wa miaka 18 hadi 35. Hiyo ni karibu mara nne. Mwili ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa ana shahada na hana kipato.

Wapo watakaosema kuwa kijana hana haja ya bima, na kwamba Mapinduzi ya 1964 yalileta matibabu bila ya malipo visiwani. Urithi huo twauheshimu, na hatungependa kuuona ukipotea. Lakini aliyeuguza anajua kuwa kumwona daktari ni sehemu tu ya safari. Kuna dawa ya kutafutwa dukani, kuna kipimo, na kwa mgonjwa wa Pemba huenda kukawa na rufaa ya Mnazi Mmoja, au hata Muhimbili. (Nauli ya boti ya ndugu anayemsindikiza ni suala jingine, nalo lastahili tahariri yake.)

Serikali ya Mapinduzi haikulala. Sheria Nambari 1 ya mwaka 2023 iliunda Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, nao ukaanza na watumishi wa umma. Mwanzo huo ulikuwa wa busara, kwani mchango unaokatwa katika mshahara haukawii wala haupotei. Taabu ni kwamba mshahara ndicho kitu hasa ambacho mhitimu hana. Tena, afya si jambo la Muungano. Kijana anayerejea kutoka Bara hutoka katika mamlaka moja na kuingia katika nyingine, na baina ya hizo mbili hajawekewa daraja.

Wahusika wasilione jambo hili kuwa la huruma. Mfuko wowote wa bima husimama kwa michango ya walio wazima, ambayo ndiyo huwatibu wagonjwa. Vijana wakingoja hadi waugue ndipo wajiunge, Mfuko utabaki na wagonjwa watupu na viwango vitapanda kwa kila mtu. Kwa hiyo kijana mzima wa miaka 24 si mzigo, bali ni mchangiaji ambaye Mfuko wamhitaji. Twapendekeza mhitimu aruhusiwe kulipa kiwango cha mwanafunzi kwa miezi 12 baada ya mtihani wa mwisho, na mifuko hiyo miwili ikubaliane kuuhesabu muda aliokwisha kuchangia upande wa pili.

Nanyi vijana, msinunue kadi kwa kutazama bei tu. Ulizeni ni hospitali zipi zinazoipokea katika kisiwa mnachoishi, kwani kadi isiyofanya kazi Chake Chake haimfai mtu wa Chake Chake. Ulizeni itaanza kutumika lini, maradhi gani hayamo, na kama mke au mume atahesabiwa. Aliyepata ajira aanze kwa mwajiri wake: katika Mfuko wa Taifa mchango wa mfanyakazi ni asilimia 6 ya mshahara, na nusu yake hulipwa na mwajiri. Si haki mtu kujinunulia kwa fedha zake zote kile ambacho mwajiri analazimika kukichangia.

Vyuo vinazo orodha za wahitimu, majina na anwani zao. Orodha hizo zipelekwe kwenye Mfuko kabla ya siku ya mahafali, wakati vijana wangali wanapatikana mahali pamoja.